Picha na Asili Yake

Picha imekuwa kitu cha kawaida mno katika zama zetu, hata watu wengi hawaulizi tena jinsi inavyozaliwa. Mtoto hupigwa picha siku ya kwanza ya maisha yake, na mzee hupigwa picha katika siku zake za mwisho. Kati ya siku hizo zipo picha za shule, za arusi, za kitambulisho na za matanga. Nawe, msomaji, yamkini una mamia ya picha katika simu ya nyumbani kwenu. Walakini nikikuuliza swali dogo, huenda likakushinda: Je, picha unayoiona ndiyo ile ile iliyoingia katika kamera?

Jibu ni kwamba sivyo. Baina ya mwanga ulioingia kwa lenzi na picha uliyoiona juu ya kioo cha simu pana kazi kubwa iliyofanyika kwa kufumba na kufumbua. Kamera imepima mwanga, imechagua rangi, imeongeza weupe hapa na giza pale, imenoa kingo za vitu, kisha imetupa kila ilichodhani kwamba hutakihitaji. Unachokiona ni chakula kilichokwisha kupikwa. Unga, maji na chumvi hukuviona. Wako wapiga picha wasioridhika na karamu hiyo. Wao huiagiza kamera iwatunzie vitu vibichi, ili wapike wenyewe kwa wakati wao. Hifadhi hiyo huitwa RAW, maana yake mbichi. Sisi tutaiita faili ghafi, kama vile pamba ambayo haijawa nguo inavyoitwa mali ghafi.

Desturi hii yaonekana kuwa mpya kwa sababu kompyuta ni mpya. Lakini swali lililo ndani yake lina umri wa karibu miaka mia mbili. Swali lenyewe ni hili: nani mwenye haki ya kuamua picha itakavyokuwa, na je, asili ya picha itunzwe au itupwe? Tulifuate swali hilo tangu mwanzo wake, maana majibu yaliyotolewa na watu wa kale ndiyo yanayotuongoza hata leo.

Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ilipigwa Ufaransa mwaka 1826 au 1827 na Nicéphore Niépce. Alipaka lami juu ya bamba la madini, akaliweka ndani ya kamera dirishani kwa saa nyingi, nayo lami ikawa ngumu mahali palipopigwa na mwanga. Mwenzake, Louis Daguerre, aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1839 serikali ya Ufaransa ikautangazia ulimwengu ufundi wake. Daguerre alitumia bamba la shaba lililopakwa fedha, na picha yake ilionyesha kila unywele kwa usafi wa ajabu. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Bamba lililokaa ndani ya kamera ndilo lililokuwa picha yenyewe. Hapakuwa na asili iliyobaki nyuma yake. Likivunjwa au likikwaruzwa, picha imekwisha. Na mtu akitaka picha ya pili, hana budi kukaa tena mbele ya kamera.

Wakati huo huo huko Uingereza palikuwa na bwana mmoja, William Henry Fox Talbot. Mwaka 1833 alikuwa matembezini nchini Italia kando ya ziwa Como, akajaribu kuchora mandhari ya pale. Mkono wake haukuwa hodari wa kuchora, na aibu ya kushindwa ikamtia fikira: kwa nini mwanga usichore wenyewe juu ya karatasi? Alipata karatasi iliyotiwa chumvi na dawa ya fedha, na mwaka 1835 akapiga picha ndogo ya dirisha la nyumba yake ya Lacock. Katika picha ile mambo yalipinduka. Vioo vilivyokuwa na mwanga vilionekana vyeusi, na fremu iliyokuwa na kivuli ilionekana nyeupe.

Mtu mwingine angeliona hilo kuwa kosa. Talbot aliona kuwa ni bahati. Alitambua kwamba picha iliyopinduka ikiwekwa juu ya karatasi nyingine yenye dawa na kuangaziwa jua, itapinduka mara ya pili na kurudia hali yake ya haki. Tena jambo hilo laweza kufanywa mara kumi au mara mia. Rafiki yake, mwanachuoni John Herschel, ndiye aliyeieneza lugha ya kuiita picha ya kwanza negativu na ya pili pozitivu. Mwaka 1841 Talbot aliuwekea haki ya uvumbuzi ufundi wake ulioboreshwa.

Basi tangu siku hizo ilijulikana kwamba picha yaweza kuwa na sehemu mbili: asili isiyopendeza kuitazama, na picha inayotolewa katika asili hiyo. Karatasi ya Talbot ilikuwa na nyuzi nyuzi, kwa hiyo picha zake hazikuwa safi kama za Daguerre. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akabadili karatasi kwa kioo, na hapo usafi wa Daguerre na uzazi wa Talbot vikaoana. Archer hakuuwekea uvumbuzi wake haki ya kulipwa, akafa maskini mwaka 1857. Lakini kwa muda wa miaka kama thelathini dunia ilipiga picha kwa ufundi wake, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia ikapiga kwa kanuni ya Talbot.

Mpaka hapo mpiga picha alikuwa mpishi na mwenye nyumba. Alipaka kioo dawa kwa mikono yake, akakisafisha kabla hakijakauka, akachapa mwenyewe. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman akaleta badiliko kubwa. Aliuza kamera ndogo iitwayo Kodak, ambayo ndani yake mlikuwa na filamu ya kutosha picha mia moja. Mnunuzi alibonyeza tu. Filamu ikiisha, aliipeleka kamera nzima kiwandani, na kiwanda kikasafisha, kikachapa, kikatia filamu mpya, kikamrudishia. Watu wasiohesabika ambao wasingeweza kupiga picha walipata furaha hiyo. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini uamuzi ulihama. Mtu aliyekuwapo mahali pa tukio hakuamua tena picha iwe nyeupe au nyeusi kiasi gani; aliamua mtu wa kiwandani ambaye hakuwapo.

Usidhani, msomaji, kwamba uhamisho huo ulikuwa jambo dogo. Picha za rangi zilipoenea katika karne ya ishirini, viwanda vya kuchapa vilihitaji kipimo cha kujua kama rangi zimekaa sawa. Kodak ilipeleka kwa wachapaji kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu mwenye nguo za rangi kali. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Mchapaji alirekebisha mitambo yake mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, kisha akachapa picha za watu wote kwa kipimo hicho. Filamu zenyewe nazo zilitengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Matokeo yake yalionekana katika picha za shule zilizochanganya watoto weupe na weusi: sura za weupe zilikuwa wazi, na za weusi zilizama gizani, pakabaki macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliieleza habari hii kwa urefu mwaka 2009. Aliandika kwamba malalamiko yaliyosikiwa mapema yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi rangi za kahawia za bidhaa zao zilivyotokea. Katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake watatu wa rangi mbalimbali.

Hapo pana funzo ambalo kijana wa Afrika hana haja ya kufafanuliwa sana. Kila mashine inayoamua kwa niaba yako imefundishwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sura fulani mbele ya macho yake. Ikiwa huna asili ya picha yako mkononi, huna pa kukata rufani.

Kinyume cha mambo hayo twakipata katika kazi ya Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani aliyeishi kutoka mwaka 1902 mpaka 1984. Jioni moja mwaka 1941 alikuwa akirudi Santa Fe kwa gari, katika jimbo la New Mexico. Karibu na kijiji cha Hernandez aliona mwezi umechomoza juu ya milima, na jua linalotua likimulika misalaba meupe ya makaburini. Alisimamisha gari kwa haraka, akasimamisha kamera yake kubwa, akatafuta kipima mwanga asikione. Lakini alikuwa amejifunza kwa moyo kiasi cha mwanga wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akapiga picha. Alipokuwa akijiandaa kupiga ya pili, mwanga ukaondoka juu ya misalaba. Alibaki na negativu moja tu.

Negativu ile ilikuwa na taabu. Sehemu ya chini, penye kijiji na makaburi, ilikuwa hafifu, na mbingu ilikuwa na mawingu yaliyomsumbua. Mwaka 1948 alithubutu kuitia dawa sehemu ya chini ili aiongezee nguvu. Katika maisha yake alichapa kutoka negativu hiyo picha zaidi ya elfu moja. Za mwanzo zina mbingu ya kijivu yenye mawingu. Za baadaye zina mbingu nyeusi, nao mwezi umekaa peke yake kama taa. Adams, ambaye alikuwa pia mpiga kinanda, alizoea kuilinganisha negativu na nota za muziki, na picha iliyochapwa na upigaji wa muziki huo. Nota ni zile zile, lakini mpigaji aliyekomaa hupiga kwa namna nyingine kuliko alivyopiga ujanani.

Tena kuna ajabu ya pili katika picha hiyo. Adams hakuandika tarehe, na baadaye aliitaja miaka mbalimbali. Wataalamu wa elimu ya nyota walipima mahali mwezi ulipo ndani ya picha, wakapiga hesabu, na hatimaye ikajulikana kwamba ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941 jioni. Picha ilikumbuka jambo ambalo mwenyewe alilisahau.

Si ajabu basi kwamba negativu zilizopotea hutafutwa kama mali ya urithi. Mwaka 1939, vita vya Hispania vilipokwisha, zilipotea negativu kama 4,500 zilizopigwa na Robert Capa, Gerda Taro na David Seymour. Zilipatikana Mexico City, na mwaka 2007 zikafika New York katika masanduku matatu, zikiwa salama baada ya miaka karibu sabini. Na hapa kwetu Kenya twamkumbuka Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, aliyepiga picha za harakati za uhuru wa Afrika na kufanyia kazi magazeti makubwa ya Marekani. Aliuawa mwaka 1968 katika vita vya Biafra, akiwa na kamera yake. Kwa muda mrefu kazi yake ilidhaniwa imepotea. Kisha negativu na picha zake zikagunduliwa katika gereji mjini Nairobi, na mwaka 2018 kikatolewa kitabu cha picha zake. Kama zisingetunzwa, sehemu ya historia yetu ingekuwa maneno matupu bila sura za watu.

Sasa twaingia katika zama za umeme. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, katika maabara ya Bell huko Marekani, walivumbua kidude cha silikoni ambacho baadaye kilitumika kugeuza mwanga kuwa chaji ya umeme inayohesabika. Mwaka 1975 kijana mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alikiweka kidude cha namna hiyo ndani ya kamera. Kamera yake ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilipiga picha nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000, na ilichukua nukta za wakati 23 kuiandika picha moja katika kaseti. Watu waliiona kama mchezo. Leo karibu kila kamera duniani ni mtoto wa ile.

Yafaa uelewe jinsi kidude hicho, ambacho sasa huitwa kihisi, kinavyofanya kazi, maana humo ndimo faili ghafi linamotoka. Fikiri sega la nyuki lenye vijumba mamilioni. Mwanga ukiingia, kila kijumba hukusanya chaji kwa kadiri ya mwanga uliokifikia, na kamera huhesabu. Lakini kijumba hakijui rangi. Hujua wingi tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipewa haki ya uvumbuzi wa dawa ya upungufu huo. Alifunika kila kijumba kwa kichujio kidogo cha rangi moja: nusu ya vijumba kijani, robo vyekundu na robo vya buluu. Kijani alikizidisha kwa kuwa jicho la binadamu huona vizuri zaidi katika rangi hiyo. Basi kila kijumba hujua theluthi moja tu ya ukweli wa rangi, na theluthi mbili zilizobaki hukisiwa kwa kuangalia majirani zake.

Hesabu hizo, kabla ya kukisia na kabla ya kurembwa, ndizo faili ghafi. Ukiziangalia jinsi zilivyo utaona kitu cheusi chenye rangi ya kijani, kisichopendeza, kama vile negativu ya Talbot ilivyokuwa haipendezi. Hiyo ndiyo negativu ya zama zetu.

Lakini hesabu hizo zilikuwa nzito, na kumbukumbu za kompyuta zilikuwa ndogo na ghali. Mwaka 1992 ikakubaliwa kanuni ya kufinya picha iitwayo JPEG. Kanuni hiyo huangalia mambo ambayo jicho halitilii maanani sana, ikayaondoa, na picha ikawa nyepesi mara kadha. Bila ya hiyo tusingepelekeana picha kwa simu. Walakini kilichoondolewa hakirudi. Katika picha ya JPEG ya kawaida kila rangi ina ngazi 256 tu kutoka giza kamili mpaka weupe kamili. Katika faili ghafi la kamera nyingi za leo ngazi hizo ni 4,096 au hata 16,384.

Hebu tuchukue mfano. Umempiga picha bibi yako akiwa amekaa chini ya mwembe saa sita ya mchana. Nyuma yake shamba linang'aa kwa jua, na uso wake uko kivulini. Kamera imeogopa jua, ikapunguza mwanga, na uso wa bibi umekuwa mweusi bila mikunjo yake. Ukijaribu kuangaza uso huo katika JPEG, utakuta ngazi zimekwisha: ngozi yatoka mabaka mabaka. Katika faili ghafi ngazi zingalipo, na uso huinuka polepole kutoka kivulini, mikunjo na tabasamu yake vikiwa mahali pake. Hali kadhalika rangi. Picha iliyopigwa usiku kwa taa ya balbu huwa na umanjano. Katika JPEG kamera imekwisha kata shauri kuhusu weupe ni upi. Katika faili ghafi shauri hilo halijakatwa, nawe waweza kulikata kesho au mwakani. Tena programu za kazi hii haziligusi faili lenyewe. Huandika kando amri zako tu: angaza hapa, punguza pale. Amri zaweza kufutwa zote, na asili ikabaki kama siku ya kwanza. Adams alipoitia dawa negativu yake mwaka 1948 hakuwa na njia ya kurudi nyuma, wewe unayo.

Kwa miaka mingi ya mwanzo uhuru huo ulikuwa na kufuli. Kila kampuni ya kamera ilibuni namna yake ya kuandika faili ghafi, na nyingi hazikueleza siri zake. Mwenye picha alimiliki faili lakini hakumiliki ufunguo. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Dave Coffin, alianza kuandika programu iitwayo dcraw, akafumbua namna za kamera moja baada ya nyingine, na kumpa kila atakaye kazi yake bure. Programu nyingi zilizokuja baadaye zilijengwa juu ya msingi huo. Mwaka 2004 kampuni ya Adobe ikatoa namna ya wazi iitwayo DNG, ambayo maelezo yake yamechapishwa ili mtu yeyote aisome. Mfumo wa Android wa mwaka 2014 na ule wa iPhone wa mwaka 2016 uliziwezesha hata simu kadha kutunza mafaili ghafi. Kwa hiyo jambo hili si la matajiri peke yao tena.

Sasa tufikie kwenye mgogoro wenyewe, maana asili ikiwa ipo, huulizwa habari ya ukweli. Mwaka 2013 tuzo kuu ya World Press Photo ilipewa Paul Hansen wa Sweden, kwa picha ya wanaume wa Gaza waliobeba maiti za watoto wawili kwenda kuzizika. Baada ya miezi michache akashutumiwa kwamba ameunganisha picha kadha kuwa moja. Faili ghafi likaletwa, wataalamu wakalichunguza, wakatamka kwamba picha ni moja na ni ya kweli. Kilichobadilishwa ni mwanga na rangi tu. Bila ya faili lile, huzuni ya watu wale ingaliitwa uwongo. Mwaka 2015 katika mashindano yayo hayo, karibu picha moja kwa kila tano zilizofika duru ya mwisho kasoro moja ziliondolewa, baada ya kulinganishwa na asili zake na kukutwa zimebadilishwa kupita kiasi.

Ungetazamia kwamba baada ya hayo kila shirika la habari lingewaamuru watu wake watumie faili ghafi. Lakini Novemba ya mwaka huo huo wa 2015 shirika la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasipeleke tena picha zilizotengenezwa kutoka katika faili ghafi. Wapeleke JPEG iliyotoka kamerani. Sababu zake zilikuwa mbili: wepesi wa kazi, na kuogopa kwamba mtu mwenye nafasi ya kutengeneza picha atapata pia nafasi ya kuiharibu.

Msomaji, nani kati yao mwenye haki? Wa kwanza wasema: tunza asili, ili mtu aweze kuhukumiwa kwayo. Wa pili wasema: usimpe mtu nafasi ya kuchezea. Mimi naona kwamba hoja ya pili ina busara lakini haimalizi shauri. Kamera inayotengeneza JPEG nayo inahariri. Tofauti ni kwamba mhariri wake ni mhandisi wa mbali aliyekata shauri kabla ya tukio, kama yule mchapaji wa kadi ya Shirley. Mpiga picha aliyekuwapo anaweza kudanganya, ni kweli. Lakini akitunza asili anaweza pia kuulizwa, na hukumu yake ikapimwa. Ni bora uamuzi wenye jina la mtu na ushahidi kando yake, kuliko uamuzi usio na mwenyewe.

Hata hivyo tusiifanye asili kuwa mungu. Faili ghafi haliponyi kila ugonjwa. Mahali palipojaa mwanga mpaka vijumba vikafurika hapana hesabu ya kurudisha. Ni weupe mtupu. Mafaili haya ni mazito, hujaza kumbukumbu upesi, na humtaka mtu muda na subira ambavyo picha ya mchezo wa mpira haihitaji. Zaidi ya hayo, faili ghafi halisemi kila kitu. Halisemi mpiga picha aligeuzia kamera mgongo jambo gani, wala alingoja nani aondoke kabla hajabonyeza. Ukweli wa picha huanza kwa miguu ya aliyesimama, kabla haujafika katika kihisi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika jambo hili methali inataka kusaidiwa. Negativu za Ramrakha zilingoja miongo katika gereji zikapona, kwa sababu filamu ni kitu cha kushikika, na mtu yeyote akiinua juu ya mwanga ataona sura. Faili lililo katika kisanduku cha kompyuta kilichoharibika halionyeshi sura kwa mtu awaye yote. Akiba ya zama zetu huoza isipoangaliwa.

Basi ukipiga picha ambayo unadhani watu wataiulizia baada ya miaka hamsini, ikiwa ni ya mzee wa ukoo, ya nyumba inayotaka kubomolewa, ya mkutano au ya mafuriko, iambie kamera yako itunze asili kama inaweza. Weka nakala mahali pawili palipo mbali. Yafungue mafaili yako kila baada ya miaka michache, uone kama yangali yakisomeka. Na kando yake andika tarehe, mahali na majina ya watu, jambo ambalo hata Ansel Adams alilipuuza, akaponea mwezi.